Siku nane nafuata suke la ngano: Urfa, Karacadağ mpaka Çatalhöyük

Siku ya 1, Jumamosi. Istanbul – Şanlıurfa

Tumetua Urfa saa tisa mchana, digrii 39, ukishuka tu kwenye ndege upepo unakupiga usoni kama umefunua tanuri la mikate. Mimi mtu wa Dodoma nilijua jua haliniambii kitu, leo limeniambia. Nipo na mpwa wangu, anasoma huku mwaka wa tatu, Kituruki anakichapa kama kazaliwa nacho, kwa hiyo ndiye mkalimani, ndiye mshika pesa, ndiye mpiga picha, na ndiye anayenicheka toka Istanbul, "mjomba, wenzako wakija huku wanaenda baharini, wewe unapanda ndege kwenda kuangalia mawe". Nikamwambia mawe ni ya njiani tu, mimi nafuata ngano.

Niseme kabisa kilichonileta. Mimi ni bwana shamba, huu mwaka wa kumi na saba, mtama na uwele ndiyo kazi yangu, nazunguka vijijini nafundisha watu kuchagua mbegu. Sasa siku moja mkutanoni mzee mmoja akanyoosha mkono akasema, "Bwana shamba tunakusikia, mbegu bora mbegu bora, huyu wa kwanza kabisa kupanda, yeye mbegu alipewa na nani?" Watu wakaangua kicheko, na mimi nikacheka, nikalipita lile swali kama sijalisikia maana jibu sikuwa nalo. Ila lilinikaa kooni. Nilipopata kozi ya wiki mbili huku Uturuki nikasema ikiisha nabaki na siku nane zangu mwenyewe.

Jioni tumeenda Balıklıgöl, bwawa la samaki katikati ya mji. Wenyeji wanasema hapa ndipo Namrudh alipomtupa Nabii Ibrahim motoni, moto ukageuka maji na kuni zikageuka samaki. Samaki wapo kweli, wanene, ukirusha chakula wanapandana migongoni, na hakuna anayewala, eti ukimla unapofuka. Familia zimekaa kwenye majani, watoto wanakimbia, nikasahau kabisa nimekuja kutafuta nini.

Siku ya 2, Jumapili. Makumbusho na Göbekli Tepe

Asubuhi chai na maini. Ndiyo, maini ya kuchoma kwenye vijiti, na pilipili yao nyeusi inaitwa isot, saa moja asubuhi. Nimekula, nimeshiba, sina la kuongeza.

Makumbusho ya Urfa ni makubwa sana, tulipanga saa moja tukamaliza tatu. Anayekupokea ni jamaa wa mawe, urefu mita 1.80, ana umri wa miaka kama 11,000, mikono kaikunja mbele, macho vipande vya obsidiani, lile jiwe jeusi la volkano linalong'aa kama chupa, na hana mdomo. Alifukuliwa mwaka 1993 kwenye ujenzi jirani na lile bwawa la samaki la jana, yaani watu walikuwa wanajenga mambo yao ya kawaida tu. Mpwa kasema anamkumbusha mwalimu wa nidhamu. Kuna pia jengo lililohamishwa toka kijiji cha Nevalı Çori, kijiji chenyewe sasa hivi kiko chini ya maji ya bwawa la Atatürk, mto Frati, ule ule wa kwenye Biblia. Walichimba haraka haraka kabla maji hayajafika, maji yakafika mwaka 1992, na pale walikuwa wamekuta punje za ngano iliyokwisha anza kulimwa. Nilisimama hapo nikawaza vijiji vyetu vinavyohamishwa kupisha mabwawa, nani anaangalia chini kuna nini.

Mchana Göbekli Tepe, kama kilomita 15 toka mjini. Kilima kikavu cha chokaa, hakuna mto, hakuna chemchemi inayoonekana, juu wamejenga paa kubwa jeupe na unazunguka kwenye njia ya mbao ukitazama chini. Na chini ndiyo kuna nguzo. Zina umbo la herufi T, zimepangwa duara, mbili kubwa katikati, hizo za katikati kwenye duara moja zinafika mita 5 na nusu. Ukiangalia vizuri unagundua si nguzo, ni watu. Moja ina mikono ubavuni, vidole vimekutana tumboni juu ya mkanda, na kwenye mkanda inaning'inia ngozi ya mbweha. Kichwa ndiyo hiyo T, hakina sura. Nyingine zina nge, nyoka, nguruwe pori, tai. Zilichongwa na mawe, chuma kilikuwa bado, ngamia bado, punda bado, gurudumu bado, kuanzia kama mwaka 9500 KK.

Watafiti waliwahi kupita hapa mwaka 1963 wakaona vipande vya mawe vimetokeza juu ya ardhi wakadhani ni makaburi ya zamani za kati, wakaandika wakaondoka. Mjerumani Klaus Schmidt alifika mwaka 1994, mwaka uliofuata akaanza kuchimba na hakuacha mpaka alipofariki mwaka 2014. Kilichowashtua watu ni kwamba mifupa yote waliyokuta ni ya swala na ng'ombe pori na wengine wa porini, na nafaka zote ni za porini. Hakuna shamba. Sisi shuleni tulifundishwa kwanza kilimo, kikaleta chakula cha ziada, chakula cha ziada kikaleta mafundi na ibada na majengo. Hapa majengo yametangulia. Schmidt yeye alikuwa anasema watu walikusanyika kwa ajili ya ibada, halafu ile shida ya kulisha umati ndiyo ikawasukuma kulima.

Wazo tamu, na mpwa kalipenda sana, mimi nilikuwa na wasiwasi nalo kidogo, maana mtu aliyewahi kuandaa harusi anajua umati unalishwa siku tatu halafu kila mtu kwao. Baadaye wachimbaji wamekuta hapo hapo nyumba za kuishi, na mifereji ya kukinga maji ya mvua, na mawe ya kusagia zaidi ya 7,000 ukihesabu na vipande. Elfu saba! Hayo si ya wageni wa sherehe, hayo ni ya watu wanaosaga kila siku. Kuna na madishi ya mawe, mengine yanaingia lita 160, wapo wanaosema ni ya uji, wapo wanaosema ni ya pombe. Mimi bibi yangu alikuwa anapika vyote viwili kwenye pipa moja kwa hiyo siingilii ugomvi huo.

Siku ya 3, Jumatatu. Karahan Tepe

Saa nzima mashariki ya mji kwa gari la kukodi, dereva kijana wa huko huko. Karahan Tepe ni ya umri ule ule na wameanza kuichimba kwa nguvu mwaka 2019 tu. Unaingia kwenye sehemu ya mawe matupu, kondoo wanakatiza. Kuna chumba kimechongwa chini kwenye mwamba, ndani nguzo kumi na moja zimesimama kama uume, samahani lakini ndivyo zilivyo, karibu zote hazikuletwa, zimebakizwa kwenye mwamba wenyewe watu walipokuwa wanachonga chumba, na kutoka ukutani limetokeza kichwa cha mwanamume mwenye ndevu, shingo ndefu, anawatazama. Mpwa alikaa kimya dakika nzima, si kawaida yake. Halafu akasema "mjomba, hawa walikuwa na muda". Nikamwambia hapo ndipo umesema la maana kuliko yote tangu Jumamosi.

Kurudi tumekunywa kahawa yao inaitwa menengiç, si kahawa, ni pistashio pori iliyokaangwa ikasagwa, inanukia kama karanga. Mchana tumelala. Joto.

Siku ya 4, Jumanne. Karacadağ

Leo ndiyo siku niliyoijia, wengine mkisoma mkachoka siku nyingine zote rukeni, hii msiruke.

Karacadağ ni mlima wa volkano uliolala, kati ya Urfa na Diyarbakır, mpana halafu chini chini, haukushtui kama Kilimanjaro. Mawe meusi kila mahali, ukubwa wa mpira mpaka ukubwa wa ng'ombe, katikati ya mawe majani, kwenye majani kondoo na mahema ya wafugaji. Mwaka 1997 watafiti walitoa matokeo ya vinasaba, walilinganisha ngano ya kale inayoitwa einkorn, ile yenye punje moja kila kifuko, yaani kile kiganda kinachobeba punje kwenye suke, na ndugu zake wa porini toka sehemu nyingi, wakakuta ndugu wa karibu kuliko wote wanaota hapa, kwenye mlima huu. Wengine baada yao wamesema mambo ni ya mchanganyiko zaidi, damu za sehemu kadhaa zimo, sawa, lakini hata hivyo hapa ni nyumbani kwao.

Dereva ana baba yake mdogo huko juu, mzee ana koti zito kwenye joto lile lile. Mpwa akamweleza tunatafuta ngano ya porini. Mzee akatutazama, akauliza swali, mpwa akacheka akanitafsiria, "anauliza mmetoka Afrika mkaja kuona majani ya kondoo?" Nikamwambia mwambie ndiyo, na shikamoo. Hiyo shikamoo sijui aliitafsiri vipi ila mzee aliweka mkono kifuani.

Akatuongoza kama dakika kumi kwenda pembeni ya uzio wa mawe. Ipo. Imejaa. Mabua membamba yanafika kiunoni, masuke mafupi bapa, yamepangwa pande mbili kama msuko wa nywele, na masharubu marefu. Mengine bado kijani, mengine yameshakauka rangi ya dhahabu. Nikachuma moja lililokauka nikaliweka kiganjani. Sikulivunja, nililigusa tu kwa kidole cha shahada hivi kama unamgusa mtu begani, na kifuko cha juu kabisa kikaachia. Kikafuata cha pili. Nikalitikisa kidogo, lote likapukutika, nikabaki na kijiti. Vile vifuko vilivyoanguka kila kimoja kina umbo la mshale, chini kimechongoka, nyuma sharubu lenye vinywele vinavyoelekea upande mmoja, kinaingia ardhini hakirudi. Vingine viliingia kwenye soksi yangu na kweli havikurudi.

Mita hamsini toka pale mzee ana shamba lake la ngano ya kawaida. Nikachukua suke, nikalitikisa, nikalipiga na kofia, nikalipiga kwenye jiwe. Halijaachia punje hata moja. Hiyo mpaka uipure.

Basi tofauti yote ni hiyo. Sisi wote ambao tunakula mkate na chapati tumesimama juu ya hicho kitu kimoja, suke kukataa kupukutika. Kwa mmea wa porini kukataa kupukutika ni ugonjwa, mbegu zitazaaje kama zimeng'ang'ania juu? Kwenye kila shamba la porini yapo masuke machache yaliyozaliwa na kasoro hiyo, na kawaida yanaishia hapo. Sasa aje mtu na mundu wa jiwe. Anakata, anafunga mzigo, anabeba mpaka kwake. Njiani yale mazima yanapukutika, yanarudi ardhini yenyewe. Yanayofika nyumbani salama mengi ni yale yenye kasoro. Mwaka anaoamua kupanda kidogo karibu na nyumba anapanda nini? Anapanda alichofika nacho. Rudia, rudia, rudia. Hakuna aliyechagua. Kwenye darubini wanaakiolojia wanaliona hili, kifuko kilichopukutika chenyewe kina kovu laini, kilichopurwa kina kovu lililochanika, na wakihesabu makovu kwenye vijiji vya kale tabaka kwa tabaka yale yaliyochanika yanapanda pole pole mno, zaidi ya miaka elfu mbili. Kwa hesabu ya vinasaba tu ingeweza kuwa karne moja mbili. Walikuwa hawana haraka, au walikuwa hawajui kuna kitu kinatokea.

Hata mtama wetu njia ni hiyo hiyo, nyumbani kwake ni mashariki ya Sudan, maeneo ya Kassala, wamekuta alama za punje zimebaki kwenye vigae vya vyungu vya miaka elfu tano na zaidi iliyopita, nyingine za kupukutika nyingine za kung'ang'ania, mahali pale pale. Na mtama pori mashambani kwetu mpaka leo upo, tunaung'oa tunautukana.

Halafu kuna Mmarekani, Jack Harlan, mtaalamu wa mimea, alikuja huku huku mwaka 1966 akafanya kitu ambacho ningependa mabosi wetu wangefanya, akavuna mwenyewe. Kwanza kwa mikono, mikono ikachubuka, halafu kwa mundu aliotengeneza kwa vipande vya jiwe la kale. Akapata kama kilo moja ya ngano safi kwa saa. Akapiga hesabu kwamba familia ikianzia chini ya mlima na kupanda taratibu kadiri ngano inavyoiva, kwa wiki tatu inaweza kukusanya nafaka inayozidi chakula chao cha mwaka mzima. Wiki tatu! Bila jembe, bila palizi, bila mimi.

Nilikaa kwenye jiwe nikafikiria hapo muda mrefu mpaka mpwa akaja kuuliza kama nimepata kizunguzungu. Kama chakula cha mwaka unakipata wiki tatu, ulime ili iweje? Hakuna mkulima mwenye akili angelima. Mkate wenyewe ulikuwepo, kule Jordan wamekuta makombo ya mkate wa miaka 14,400 iliyopita, maelfu ya miaka kabla ya shamba. Mimi naona, na hili ni la kwangu mtu asinishike shati, aliyewakalisha chini si jembe ni gunia. Ukishavuna hiyo nafaka ya mwaka utaibeba vipi? Swala unamfuata, unamla, unahama. Ngano magunia kumi huhami nayo. Unachimba shimo, unajenga kihenge, unalala karibu na kihenge sababu ya panya na sababu ya jirani. Ukishalala hapo miaka mitano watoto wameongezeka na porini karibu pameisha, ndiyo unaanza kumwaga mbegu nyuma ya nyumba. Kwanza walikaa. Jembe lilikuja kuwakuta wamekaa.

Mzee ametupa chai, mkate, jibini na mchele wa hapo hapo Karacadağ, wanalima mpunga pia, mtamu. Suke moja ambalo halijakauka vizuri nimelifunga kwenye leso nikaweka mfuko wa shati. Najua, najua. Tutalizungumza.

Siku ya 5, Jumatano. Njiani

Basi la usiku kwenda Aksaray lilichelewa saa tatu, hakuna aliyesema kwa nini, mpwa aliuliza mara nne akajibiwa "linakuja". Nikajisikia nyumbani. Nimelala nimeamka kwenye milima ya Taurus, mvua, nimelala tena.

Nilichofikiria njiani ni magoti ya bibi. Upande wa pili wa mpaka, Syria, kilikuwepo kijiji kinaitwa Abu Hureyra, nacho kiko chini ya maji ya bwawa, kilichimbwa mwaka 1972 na 1973. Kwenye mifupa ya wanawake wa pale walikuta vidole gumba vya miguu vimeharibika kwenye maungio, magoti na mgongo wa chini vimechakaa. Kwa ajili ya kupiga magoti vidole vimekunjwa nyuma na kusukuma jiwe mbele nyuma saa kadhaa kila siku ya Mungu. Bibi mzaa mama alisaga ulezi hivyo hivyo mpaka mashine ilipofika kijijini, na mpaka anafariki alikuwa hawezi kukaa chini bila kusema "mama wee". Wanaposema kilimo kilikuwa maendeleo waanze na vidole gumba.

Siku ya 6, Alhamisi. Aşıklı Höyük

Kijiji kando ya mto Melendiz, mlima Hasan umesimama nyuma na theluji kidogo kileleni, pazuri sana, na tulikuwa peke yetu na mlinzi na mbwa wake. Watu walikaa hapa kama miaka elfu moja mfululizo, kuanzia mwaka 8400 KK hivi. Nyumba za mwanzo za duara zimedidimia nusu ardhini, baadaye wakaanza za pembe nne, zimebanana.

Hapa stori ni kondoo. Tabaka za chini kuna mifupa ya kila aina, sungura, samaki, ndege, kobe, kondoo kidogo. Ukipanda juu kondoo wanaongezeka mpaka wanakuwa karibu nyama yote. Na kinyesi kipo, kati ya nyumba na nyumba, kimekanyagwa kimeshindiliwa, wanyama walilala humo humo kijijini. Utafiti uliotoka mwaka 2019 ndio ulinichekesha, waliona wasihangaike na mifupa tu, wakapima chumvi za mkojo kwenye udongo, wa watu na wa wanyama, na chumvi zinapanda sana kadiri miaka inavyokwenda. Yaani historia ya ufugaji imeandikwa na mkojo. Mpwa kasema hii ndiyo thesisi anayotaka kuandika.

Siku ya 7, Ijumaa. Çatalhöyük

Toka Konya kama kilomita 40, tambarare tupu, mashamba ya ngano na beti za sukari mpaka macho yanachoka, halafu kichuguu kikubwa, kwenda juu mita 21 hivi. Kilima chote hicho ni nyumba. Nyumba ikichakaa wanabomoa juu, wanajaza, wanajenga nyingine pale pale, ukuta juu ya ukuta, tabaka 18, toka mwaka 7100 KK mpaka kama 6000 KK. Aliyeigundua ni Mwingereza James Mellaart mwaka 1958, akachimba 1961 mpaka 1965, baadaye Ian Hodder akachimba robo karne kuanzia 1993.

Hakuna njia. Hakuna mtaa, hakuna kichochoro, nyumba zimegusana ukuta kwa ukuta, unatembea juu ya mapaa na kuingia kwako kwa tundu la darini. Wamejenga nyumba za mfano ukaingie, nikaingia. Na hapa nisamehewe, machozi yalinilenga, maana nilikuwa nimeingia kwenye tembe. Mtu wa Ugogo anaelewa. Paa bapa la miti na udongo, giza, ukuta wa udongo uliopakwa ukalainishwa, harufu ile, kichwa unainamisha bila kuambiwa. Ngazi inashukia upande wa jiko, tanuri liko chini yake kabisa kwa hiyo moshi unatokea hapo hapo unapotokea wewe. Wamekuta masizi yameganda upande wa ndani wa mbavu za wazee wao, moshi ulioshinda mapafuni miaka na miaka. Pembeni chumba kidogo cha akiba, vihenge vya udongo, nikapima kwa mikono, kimoja kinaingia debe mbili tatu. Kila nyumba ina vyake. Kuta wanapaka upya chokaa nyeupe kila mara, tabaka mamia, nyembamba kama karatasi.

Na kuna vibaraza vya kulalia, vimeinuka kidogo, safi, na chini ya vibaraza ndipo walipozika. Walilala juu ya wazee wao. Kaburi moja lina mwanamke amekumbatia fuvu la mtu mwingine lililofinyangwa sura kwa chokaa na kupakwa rangi nyekundu. Utafiti wa vinasaba uliotoka mwaka 2025 umeonyesha waliozikwa nyumba moja wameungana zaidi kwa upande wa mama, binti anabaki, mwanamume ndiye anayekuja. Mpwa akaruka, "mjomba, kumbe Waluguru!" Nikamwambia ndiyo, na kwenye utaratibu huo mjomba ndiye mwenye kauli, kwa hiyo leo chakula unalipa wewe.

Walikuwa wangapi hawakubaliani, zamani walisema 3,500 mpaka 8,000, siku hizi wapo wanaosema hata elfu moja hawakufika kwa wakati mmoja. Ila walibanana, na walibananika. Meno yameoza, kazi ya wanga hiyo. Kati ya mafuvu 93 waliyoyapima, 25 yana mpasuko uliopona, wengi walipigwa juu au nyuma ya kichwa, na inafanana na kupigwa na madonge ya udongo wanayoyaokota huko kwa wingi. Nilimuuliza mpwa unadhani waligombea nini. Akasema mjomba, nyumba zimegusana, choo hakuna, mtu anakanyaga dari lako saa kumi alfajiri.

Miaka elfu moja walivumiliana. Sijui mimi kama ningeweza, juzi tu nimegombana na jirani kuhusu kuku.

Siku ya 8, Jumamosi. Konya – Ankara

Treni ya mwendokasi, chini ya saa mbili, safi. Makumbusho ya Ankara yako ndani ya soko la zamani lenye makuba. Nilimfuata yule mama wa Çatalhöyük, nilidhani ni mkubwa kumbe ni wa kukaa mkononi, wa udongo, mnene, amekaa mikono juu ya wanyama wawili wa jamii ya chui, kichwa kimerudishiwa baadaye. Mellaart alimkuta mwaka 1961. Wengi wanamwita mungu mke, Hodder hakubaliani sana na hilo. Mimi nilichoshika ni pale alipokutwa, alikuwa ndani ya kihenge cha nafaka. Nikamwambia mpwa piga hiyo picha vizuri, namtumia yule mzee wa mkutanoni, hana simu kubwa ila mjukuu wake anayo.

Nimeandika ujumbe na kufuta mara tatu. Mwisho nimetuma hivi, "Mzee shikamoo. Lile swali lako, hakupewa na mtu. Aliokota zilizogoma kuanguka. Nikirudi nitakuja nikueleze vizuri, ni stori ndefu." Mjukuu amejibu, "Babu anasema marahaba, na anauliza zilizogoma kuanguka ziligoma kwa nini."

Usiku hotelini nimekumbuka lile suke. Nchini siingii nalo, mtu anayefundisha wenzake sheria za karantini ya mimea hawezi kukamatwa eapoti na ngano pori mfukoni. Nikaifungua leso juu ya dasbini ya bafuni. Limekaukia humo humo, na limeshapukutika, kijiti kimebaki peke yake, na vifuko vyote vimetoboa kitambaa, kimoja kimeshafika kwenye mshono wa shati. Mpwa ameshika tochi ya simu, mimi na kisu cha kukatia kucha, tumevitoa kimoja kimoja mpaka saa saba.